Tundu Nililoliziba kwenye Koti Lako

Fundi wangu,

Kesi yako tumeshindwa. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka, na kwa sababu aliyeiharibu ni mimi. Si wakili, wala si Min Akinyi mke wako. Ni mimi, uliyenifundisha kushika sindano.

Siku ile ulitoka Migori kwenda Rongo kwa baiskeli, umefunga robota la khaki nyuma. Polisi walikuwa wakiwafukuza wezi wa ng'ombe. Wakakupiga risasi ukiwa umewapa mgongo, kisha wakasema ulikuwa mmoja wa wezi na uliwageukia na mkasi mkononi. Mwizi wa ng'ombe mwenye robota la khaki. Wewe uliyekuwa ukimpisha hata mbuzi njiani.

Koti lako hukuwa umelifunga vifungo, kwa hiyo lilikuwa na tundu moja tu, la mgongoni. Tulirudishiwa pamoja na mwili. Min Akinyi alilifua, na wakubwa wa boma wakamvisha, upande wa ndani ukiwa nje, kama mjane wa kwetu anavyovaa nguo ya mumewe mpaka matanga yaishe. Wewe na Usabato wako ungenung'unika. Yeye alilivaa kila siku.

Koti nililizoea. Kidole cha Akinyi, binti yenu, sikukizoea. Mtoto alikuwa akimfuata mama yake sokoni huku ameingiza kidole kwenye lile tundu, anakitoa, anakirudisha, anaimba. Siku moja nilishindwa. Nikasema, "Mama, nipe hilo koti kidogo."

Nilikaa nalo kwenye baraza ya duka lako. Kwanza nilikata kingo zilizoungua. Kisha nikavuta nyuzi kutoka kwenye upindo wa koti lenyewe, nikaziba uzi kwa uzi, vile ulivyonionyesha. Ulizoea kuniita Bwana Kiraka, ukisema nitazeeka sijajua kuziba tundu lisionekane. Nilipopiga pasi, hata mimi nilipatafuta mahali penyewe. Nilifurahi, Fundi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Miezi ikapita. Ndugu yako akapata wakili, wakaishtaki serikali. Min Akinyi alitaka jambo moja: hakimu aseme kwamba hukuwa mwizi na kwamba ulipigwa mgongoni, ili Akinyi asikue akiitwa mtoto wa mwizi. Karatasi ya hospitali ilisema tu kwamba risasi ilipita kifuani. Haikusema iliingilia upande gani. Basi wakili akaomba koti.

Akaligeuza, akaligeuza tena. "Tundu liko wapi?" Watu wote wakanitazama.

Nilisimama mahakamani Homa Bay, nikaapa, nikaeleza kila kitu. Nikapewa sindano nifumue kazi yangu mbele yao. Nilikata nyuzi ovyo, wewe ungeona aibu. Tundu likatokea, safi, halina damu, halina alama ya moto. Wakili wa serikali akasogea, akaniuliza kwa upole kabisa, "Wewe ni fundi. Ukitaka kutoboa tundu kama hili, utaweza?"

Nilikuwa nimeapa. Nikasema nitaweza.

"Na kingo zilizoungua, kwa nini ulizikata?"

Nikasema kingo zilizoungua hazishiki uzi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa. Hakimu alisema haijathibitishwa ulipigwa upande gani, na kesi ikaisha.

Nje, Min Akinyi alinishika mkono. "Nyathina," akaniambia, mwanangu, "ulifanya kwa upendo." Afadhali angenitukana. Afadhali angenipiga mbele ya watu.

Siku hizi nashona sare za shule na mapazia. Mtu akileta nguo iliyochanika namwambia ajaribu kwa fundi mwingine. Cherehani yako nimeipaka mafuta, lakini siikalii. Sijui nikiikalia nitakuwa nani. Naamka, nafungua duka, nafunga. Sioni mbele kuna nini.

Jana Akinyi aliniuliza kama ni kweli baba yake aliiba ng'ombe. Ana miaka mitano. Nikamwambia si kweli. Akauliza, "Nani amesema si kweli?" Nikatafuta mtu wa kumtaja, Fundi, mkubwa yeyote, mtu mwenye muhuri. Sikumpata.

Kwa hiyo nakuaga na ahadi moja, sina nyingine ya kukupa. Akifika umri wa kuelewa, nitamketisha nimweleze risasi iliingilia wapi, na ni mkono wa nani uliopaficha mahali hapo. Sitamwachia mtu mwingine amwambie. Najua siku hiyo nitampoteza na yeye.

Nitamwambia hata hivyo.

Mwanafunzi wako,
Odhiambo