Mashela Mawili Uliyoniachia

Kwako mke mwenzangu mdogo,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute umeshakula, maana nakujua: ukiwa na hasira chakula huwa adui yako. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza, lakini msalani nakwenda mwenyewe, na mwenye kujiendea msalani hana cha kumlilia Mungu. Baba yako hajambo, ila tangu barua yako ifike anazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Babu yako naye ni yuleyule, anauliza mke wake mdogo anarudi lini. Nimemwambia mke mdogo alishaolewa na mume asiyekoroma, kwa hiyo atulie na huyu mkubwa aliyebaki.

Anayeniandikia ni jirani yangu, fundi cherehani. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asiyapige pasi maneno yangu.

Barua yako tulisomewa mara mbili. Mara ya kwanza baba yako alilia, mara ya pili nikamtoa nje ili nisikie vizuri. Nimeelewa hivi. Mama Mkuu ameamuru masista mnaofanya kazi hospitalini mwache kanzu na shela, mvae gauni la kawaida na msalaba mdogo kifuani. Kila mmoja abaki na shela moja la kanisani, mengine yarudishwe. Anasema wagonjwa wakiona shela wanaficha maradhi ya aibu, na kwamba binti mmoja mjamzito alitoroka foleni kwa kuogopa kuhesabiwa dhambi. Wewe unasema uliweka nadhiri ukiwa ndani ya vazi hilo, na kulivua ni kama kuchunwa ngozi. Umekataa. Naye amekupa mpaka mwisho wa mwezi, utii au ufunge sanduku. Sasa unaniuliza mimi kama kile kitanda cha chumba cha nyuma bado kipo.

Kitanda kipo. Godoro nimeshalianika. Hilo nimelitanguliza ili haya mengine uyasome bila wasiwasi.

Ulipokuja likizo uliniachia mfuko, ukaniambia nikuwekee na nisiufungue. Mwanangu, mtu akiniambia nisifungue kitu ameshanifungulia nusu. Nikakuta mashela mawili meupe, yamekunjwa vizuri. Wewe uliyeapa utii mbele ya altare umekuja kuficha nguo kwa bibi yako kama mtoto anayeficha sukari! Nilicheka, kisha nikanuna. Nikataka kujua ni kitambaa gani hiki kinachomgombanisha mjukuu wangu na nadhiri yake mwenyewe. Basi siku yangu ya kwenda kupima presha nikavaa lile gauni langu la kijivu, nikajifunga shela lako kichwani.

Ndiyo. Fundi ameweka kalamu chini ananitazama. Nimemwambia aandike kwanza, kushangaa atashangaa baadaye.

Mlinzi wa getini, ambaye siku zote hunipekua kikapu kana kwamba nimemwibia mama yake, alisimama wima, akanibebea kikapu chenyewe. Kwenye foleni nikasogezwa mbele. Vijana wawili waliokuwa wakitukanana wakanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Nilifurahi, kwa nini nikudanganye? Nikasema moyoni, kumbe ndiyo sababu mjukuu wangu hataki kulivua!

Usinune. Ngoja nimalize.

Mwanamke akatoka mbio kwenye wodi ya akina mama. Alikuwa msusi, maana kitana bado kilikuwa kimechomekwa nywelani na mikono inanukia mafuta. Alipita benchi nzima ya vikongwe wenzangu, akanishika mkono mimi, akaniita Sista, akasema mama yake anakwenda na padri hajafika. Hakuniuliza jina wala shirika. Ningemwambia nini? Angoje kidogo, mimi ni mwongo? Nikaenda.

Mama mwenyewe alikuwa rika langu. Sala ndefu sizijui, hilo unalijua. Nikamshika miguu kwa kuwa ilikuwa baridi, nikasali Salamu Maria, na sala ziliponiishia nikamsimulia mambo yetu ya kizee: magoti, wakwe, wajukuu wanaokwenda mbali na kuandika barua za kuwaliza baba zao. Msusi alikuwa analia na kucheka pamoja. Jua lilipoanza kuinama yule mama akatulia kabisa.

Nesi alikimbilia kumwita daktari. Wewe ni nesi, unajua kuwa taya la marehemu halingoji mtu. Msusi akatafuta kitambaa asikione, alikuwa na aproni yake ya kazini tu, imejaa madoa ya rangi ya nywele. Nikavua shela. Nikalikunja, nikalipitisha chini ya kidevu, nikalifunga utosini taratibu kama anavyofungwa mtoto kofia. Nikabaki kichwa wazi na mvi zangu zote. Hapo nikaona aibu ya kusema uongo mbele ya maiti. Nikamwambia msusi kwamba mimi si sista, ni bibi wa sista, na nimevaa kwa utundu wangu.

Nilingoja anifukuze. Alinitazama kichwa kwa muda mrefu. Kisha akauchukua mkono wangu tena, akaukumbatia kwa mikono yake yote miwili, akaniuliza, bibi, nani amekusuka vibaya namna hii?

Siku nzima alikuwa akiniita Sista.

(Aliyenisuka ni fundi. Hapa amegoma kuandika mpaka nilipomwomba radhi.)

Sikufichi, mke mwenzangu: bila shela asingeniita. Angenipita kama alivyowapita wale wa kwenye benchi. Kwa hiyo sisemi Mama Mkuu amepatia yote, na nikikutana naye nitamwambia hivyo usoni. Lakini lilipotoka kichwani mkono wangu haukuachwa. Hilo ndilo nililoliona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Litafune mwenyewe, meno unayo.

Shela moja limezikwa na yule mama. Sikuweza kulidai, na wewe ukilidai nitakushangaa. La pili nimelifua, limepigwa pasi, limo ndani ya kifurushi hiki. Umpelekee Mama Mkuu kwa mkono wako na umwambie ulikuwa umelificha. Au ulitie sandukuni uje nalo nyumbani, utapokelewa. Lakini mimi si kabati la mtu aliyeapa utii. Ukija, uje kwa kuwa kazi ya Mungu imekushinda, na hapo sitakuuliza neno. Usije kwa sababu ya mita moja ya kitambaa. Fundi anasema ni mita na robo. Haya, na robo.

Baba yako anakusalimu, amesema atakuandikia akiacha kulia. Babu yako anakusalimu kwa wivu. Nisalimie masista wote, na Mama Mkuu umsalimie kwa heshima, hata kama umenuna.

Msusi alikuja baada ya matanga ya mama yake, akanifumua, akanisuka upya. Sasa mistari imenyooka, hata babu yako ameona, naye haoni kitu. Akaniuliza habari zako, nikamweleza yote. Alichomoa kitana nywelani mwake akanipa. Kimo chini ya shela, kitafute. Ukiamua kubaki, kichwa hicho kitaonekana na watu kila siku, nami sitaki waseme kwao hakuna aliyemfundisha kuchana nywele.

Wako wa damu,
bibi yako na mke mwenzako mkubwa.
Hilo doa hapo chini ni dole gumba langu, si uchafu wa fundi.