Gitaa Lililong'olewa Vyuma

Maskati, Ijumaa baada ya chakula

Kaka Hamadi mpenzi,

Assalaam alaykum. Mama kifua chake kimetulia? Wifi na mtoto hawajambo? Sisi wazima, na mimi tangu niolewe naamka nacheka peke yangu. Lakini leo nimevimba kwa hasira, na walionikasirisha ni wewe na binamu yetu Saidi.

Umeandika kwamba Nassor ameliharibu gitaa la besi ulilotuzawadia siku ya harusi yetu, tulirudishe, na asikuite tena shemeji. Astaghfirullah! Umemuuliza nani? Saidi alikuja hapa Wadi Kabir, akala wali wangu sahani mbili, akamwona mume wangu kalipakata gitaa, koleo mkononi, anang'oa vile vyuma vyembamba vya shingoni.

"Weye, mbona waling'oa meno gitaa la watu?"

"Nalinyoa ndevu," Nassor akamjibu. "Lina harusi Alhamisi."

Saidi akasema hilo sasa ni kuni. Sababu hakuuliza!

Sababu ni hii. Mzee Khalfan, mpiga fidla wa kikundi cha taarabu anachopigia Nassor, alimwambia mume wangu mbele za watu, "Besi yako yagombana na fidla yangu. Kaa chini." Fidla huteleza mpaka kwenye sauti zilizo kati ya noti na noti, na vyuma vile, vinavyoigawa shingo hatua hatua, viliizuia besi kuifuata. Mume wangu angeweza kutafuta gitaa jingine, Kaka, lakini alikataa. Alisema hili ni la shemeji. Akaziba nafasi za vyuma kwa vijiti vya mbao na gundi, akapiga msasa, akabadilisha nyuzi na sumaku za kunasa sauti. Vanishi tulipaka pamoja, vidole vikanatana, tukacheka mpaka machozi.

Alhamisi ile, harusini Mabela, akapiga. Mzee Khalfan alifumba macho, kisha akasogeza kiti chake karibu na cha mume wangu. Nililia mbele ya wageni, wala sikuona haya.

Kanda ya harusi hiyo nimeifunga humu. Isikilize kwa masikio yako, si ya Saidi. Vyuma vyote nimeviweka kwenye kopo la maziwa, ukivitaka, nitavituma. Gitaa halitoki!

Nisalimie Mama, wifi, na shangazi aliyenisuka nywele za harusi. Nassor anasoma begani mwangu. Anasema, "Punguza ukali, mpenzi. Mwambie shemeji ahsante."

Umesikia? Bado anakuita shemeji.

Dada yako akupendaye hata akinuna,
Zuhura