Kibasi Chenye Kitanda

Jumanne, Chuno

Hivi mtu anayelala ndani ya gari lake aandike anaishi wapi? Leo kwenye fomu ya kusajili gari, penye makazi, mimi niliandika namba za kibasi changu, zile za Msumbiji. Karani akacheka. "Mama, basi wewe ni mkazi wa Msumbiji."

Nilikasirika, na kosa ni langu mwenyewe. Kibasi nilikinunua ng'ambo ya Ruvuma, nikakitia kitanda na cherehani, nashona gulio hadi gulio. Kibali cha muda nilichopewa mpakani Kilambo kinaisha Ijumaa. Bila barua ya mtaa kuonyesha ninapoishi, kibasi hakisajiliwi hapa, nami nitalazimika kukirudisha ng'ambo. Halafu nilale wapi, nishonee wapi...

Jioni wifi yangu Somoe, ninayeegesha uani kwake, akamleta mwenyekiti wa mtaa. Mzee akachungulia kitanda, akauliza, "Nyumba namba ngapi hii?"

"Anaoga kwangu, tunakula sinia moja," Somoe akamjibu. "Namba ya nini tena?"

Mzee akaandika barua palepale, juu ya boneti: mkazi wa Chuno.

Nimeisoma mara tatu. Kibasi bado kina namba za Msumbiji, ila mimi nimeshasajiliwa.