Moto wa Juni

Nanyala, Mbozi
25 Juni 1993

Kaka Ezron,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tunduma, pamoja na wifi Aida na watoto. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni kali. Kahawa tunaichuma vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mahindi yameingia ghalani, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia hasa kuhusu moto. Unakumbuka kila Juni, jua linapomaliza safari yake ya kaskazini na kuchomoza kwenye ule mwamba uliopasuka, ukoo wetu huzima meko yote. Baba hupekecha moto mpya kwa vile vijiti vya ukoo, na kila nyumba huchukua kaa lake. Sharti ni moja: anayepekecha awe ameliona jua mwambani kwa macho yake. Na baada ya Baba, vijiti ni vyako.

Safari hii meko yalizimwa Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi Baba alikaa uani, akasema jua halijafika. Jumatatu akasema vilevile. Watoto wakala kiporo baridi siku ya pili. Baba Mdogo Timotheo akamuuliza kama mwaka huu jua limepitia Zambia kununua sukari, watu wakacheka. Baba hakucheka.

Jumanne nilikaa karibu naye. Jua likatoka katikati ya ufa wa mwamba, likampiga usoni, naye hakupepesa macho. Akaniuliza mbona linachelewa.

Nilimnong'oneza kwamba limeshatoka, apekeche tu, hakuna atakayejua kwamba hakuliona. Yeye akasema mbele ya watu wote, “Mimi sijaliona. Fides ndiye ameliona.” Akanipa vijiti.

Baba Mdogo akapinga. Alisema vijiti vyako havishikwi na mwanamke, atumwe mtu Tunduma ukaitwe. Baba akamjibu kwamba wewe kila asubuhi huamkia malori, jua utaliona saa ngapi. Hapo Mama Mdogo Ferista akaja na kigae chake cha kubebea kaa, akamwambia mumewe kama anakungoja wewe, akungoje, na chai yake nayo itakungoja. Nikapekecha mpaka viganja vikachubuka. Moto ukashika. Hata Baba Mdogo alikunywa chai.

Sasa, kaka, yako mambo mawili. Baba haoni. Alitukataza kukuambia, maana anaogopa utamhamishia Tunduma. Namsihi aende kwa daktari wa macho, anasema mpaka kahawa iishe. Neno lako atalisikia kuliko langu.

La pili ni langu mwenyewe. Baba Mdogo aliposema uitwe, ningeweza kuvirudisha vile vijiti na kukungoja. Gari la asubuhi lilikuwa halijapita. Sikuvirudisha kwa sababu nilivitaka. Nimevitaka tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nimevitundika juu ya meko yangu. Ukiviona ni haki yako, usitume mtu kuvichukua. Njoo Juni ijayo, ukae na Baba uani asubuhi zote za baridi, umwambie jua lilipofika. Ukifanya hivyo nitakupa bila neno. Usipokuja, nitapekecha tena.

Baba anakusalimu, ingawa hajui niliyoyaandika. Mama Mdogo naye anakusalimu sana. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Fides