Nyamizi, Mizinga Imeonekana Tena

Nyamizi mwanangu,

Tangu ulipoondoka mwezi wa tatu hakuna tena anayeniamkia kwa kelele kutoka mlangoni, viatu bado mguuni: "Shikamoo Stesheni Masta, treni zimepita?" Stesheni ya Bukene niliiacha siku nyingi, nikastaafu, nikarudi hapa Gongoni, lakini wewe hukukubali kunistaafisha. Leo asubuhi nimekaa sebuleni, chai imepoa mbele yangu, nakuandikia juu ya ile programu yako ya simu inayoonyesha mizinga ya nyuki ilipo. Mama yako amenisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Mwandikie mwenyewe, mimi nina mboga jikoni."

Nianze na kosa langu, nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha.

Baada ya hitma ya arobaini niliifungua kompyuta yako. Ikadai neno la siri. Nikajaribu jina lako, la mama yako, la paka, la stesheni zote kuanzia Tabora mpaka Mwanza, na kila nililojaribu nikaliandika kwenye daftari, kama tulivyokuwa tukiandika treni zilizopita. Wiki nzima. Mwishowe nikaibeba kwa fundi mmoja mjini nikamwambia kile ambacho kila mtu hapa humwambia fundi kompyuta ikigoma: ipige window. Yeye hakuniuliza kilichomo, na mimi sikumwambia. Jioni akanirudishia ikiwa imefunguka, safi kabisa, na ndani haina kitu. Alikuwa amefuta ule mfumo wako wa bure uliokuwa ukijivunia na kila kilichokuwa juu yake, akaweka mwingine. Niliona nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Sikumwambia mtu, hata mama yako. Nikaifunga kompyuta kwenye sanduku la sare zangu za reli, nikawa nalipita kama silioni.

Mwezi wa sita akaja Shija, mwenyekiti wa wafuga nyuki, yule uliyekuwa ukimwita Mjomba ingawa hatuna undugu naye. Alikunywa chai, akauliza hali ya mama, akauliza hali ya magoti yangu, akasifu hata ukuta. Nikajua ana jambo zito. Ndipo akatoa simu mfukoni. Simu za wenzake zilijisasisha zenyewe, na tangu hapo programu yako ilikuwa ikiguswa inafunguka kidogo, inajifunga. Mizinga yao zaidi ya mia tatu imetundikwa juu ya miti kule msituni, na wazee waliokuwa wakiikumbuka mti kwa mti wengi wamekufa. Waliobaki waliacha kukumbuka, maana simu ilikuwa ikikumbuka. Na majani yalishaanza kukauka. Unajua wewe kuliko mimi kwamba kabla ya mioto ya kiangazi ni lazima kufyeka kuzunguka kila mti wenye mzinga, la sivyo moto unapanda na nyuki wanaungua humo humo. Mti wasioujua ulipo wataufyekea vipi?

Nilikasirika, na nilikukasirikia wewe. Nilikumbuka yule mfanyabiashara aliyetaka umuuzie programu iwe yake peke yake, ukakataa, ukaianika mtandaoni na maandishi yake yote ya ndani, kila mtu asome, achukue, abadilishe. Mimi ni mtu wa reli. Njia ni moja, treni haiondoki bila dereva kushika kibali, na kibali ni kimoja. Nilikuambia umelimwaga jasho lako barabarani. Ukanijibu taratibu, "Baba, sijamwaga. Nimeacha mlango wazi, nikichoka mwingine aingie aendelee." Nikakuambia utachoka vipi nawe bado kijana. Mwezi mzima tuliongea salamu tu. Hilo linaniuma kuliko kompyuta.

Shija akairudisha simu mfukoni, akasema, "Mzee, binti alituambia vyote viko nje. Kwamba hata yeye asipokuwepo, vipo." Nilidhani ananifariji. Hata hivyo kesho yake nikaenda kwa Bi Tatu mwenye steshenari karibu na soko, nikamwomba aitafute programu hiyo kwa jina. Akaandika, akabonyeza, akaigeuza kompyuta nione.

Nyamizi, vyote vilikuwepo.

Sijui nikwambieje nilivyojisikia. Nilichokuwa nimekifuta kilikuwa pale, tangu siku ya kwanza ulipokaa kwenye meza ya jikoni kuandika, kila badiliko na saa yake na sababu yake kwa Kiswahili chako. Bi Tatu akawa ananisomea huku akihudumia wateja. Pahala pamoja umeandika: "Nimekuza alama za mizinga. Baba anasema ni ndogo kama chawa." Nakumbuka siku hiyo. Nilidhani hukunisikia, kwa sababu hukuinua hata kichwa.

Na katikati ya yale maandishi ambayo sielewi, ukaacha maneno ninayoyaelewa. "Usipite hapa, nilipita nikapotea siku mbili." "Hii inaonekana ndefu, lakini ile fupi inaangusha simu za zamani." Nilipoyasoma nilijua umeyatoa wapi. Ulikuwa na miaka minane, tunatembea na Shija kuelekea kwenye mizinga, na kila njia ilipogawanyika yeye alivunja tawi akalilaza kwenye njia isiyo yetu, ili wanaokuja nyuma wasiifuate. Akakuambia wapagazi wa misafara ndivyo walivyofanya, toka pwani mpaka hapa Unyanyembe na kuendelea ziwani, na waliokuwa nyuma yao hata hawakuwajua majina. Ulilaza matawi siku nzima, hata pasipo na njia panda. Tukacheka mpaka tukachoka.

Basi wanaokuja nyuma walikuja. Mama mmoja wa Nepali, ambako nyuki wanaishi kwenye majabali, anaitumia programu yako na watu wa kijiji chake. Mwalimu mmoja wa Ulyankulu ameitia Kirundi kwa ajili ya wazee wake waliotoka Burundi. Kuna mtu wa Brazili aliyeipunguza uzito ili ikae kwenye simu mbovu. Hawa watu hawajuani, hawajawahi kula sahani moja, na wote wamekaa wanatengeneza kitu kilichoanza kwenye meza yangu ya jikoni. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na nne na sijawahi kuona kundi likifanya kazi hivyo bila msimamizi na bila filimbi.

Lakini lile tatizo la Shija? Mama wa Nepali alishalitatua. Wiki tatu kabla mimi sijafika kwa Bi Tatu. Alikuwa ameleta marekebisho mlangoni kwako na anasubiri, maana mwenye kuidhinisha kitu kiingie kwenye programu alikuwa mmoja tu, wewe. Kumbe na wewe, binti yangu mwenye mlango wazi, ulishika kibali peke yako kama baba yako. Nilicheka peke yangu pale dukani, Bi Tatu akadhani nimepandwa na sukari. Chini yake yule mama alikuwa ameandika, "Nyamizi, ukipata nafasi naomba uangalie." Kisha tena. Kisha, "Nyamizi, tunatumaini uko salama."

Kicheko kiliishia hapo.

Bi Tatu akanieleza kwamba hakuna kilichoharibika. Yule mama ana nakala kamili, imepona, na kwa masharti uliyoyaweka wewe mwenyewe hahitaji ruhusa ya mtu. Watu wa Shija wangeweza kuichukua siku ile ile. Nikampigia Shija nikidhani nampa habari njema. Akasema, "Mzee, mizinga ya marehemu haiguswi mpaka nyumba yake imetoa neno. Sisi kwetu hii yote ni mizinga yake. Sema neno, tutachukua."

Nikamwambia nitafikiri.

Nilifikiri siku tisa. Nakwambia ukweli kwa sababu sina sababu ya kukudanganya sasa. Hakukuwa na la kufikiri. Lakini kule kwenye ukurasa wako kulikuwa na watu wanaokusubiri, wanaokuita kwa jina, wanaodhani una shughuli nyingi tu. Hapa Gongoni kila mtu anajua umekufa. Kule ulikuwa bado hai, umechelewa kujibu. Nilitaka pawepo mahali pamoja duniani ambapo umechelewa tu.

Siku hizo tisa nilishinda kwenye simu nikiuchunguza huu mtandao wa leo, nikitafuta sababu ya kuuchukia. Zilikuwa nyingi. Ukitafuta dawa ya magoti, wiki nzima unafuatwa na matangazo ya magoti kama mtu mwenye deni. Unataka kusoma habari, kwanza ukubali hiki, ujisajili kile. Mara tatu nimesoma kwenye makundi kwamba mtu fulani amefariki, naye yuko sokoni ananunua nyanya. Kila mahali pana geti na mlinzi, na mlinzi anakupekua mifuko. Uliniambia zamani kwamba chini ya mageti hayo yote, mashine zinazouendesha mtandao wenyewe kwa sehemu kubwa zinatumia kazi za watu waliozitoa bure, ambao hatutajua sura zao. Nilikuona unajitetea. Sasa naamini. Najisikia kama niliyekunywa maji ya kisima maisha yangu yote bila kuuliza nani alichimba.

Siku ya kumi asubuhi niliamka nikasikia harufu ya moshi uani. Si wa jiko. Saa mbili Shija akapiga simu. Moto umeingia upande wa kusini wa msitu, wamewahi kuuzima, lakini mizinga minne imeteketea kwenye miti ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ina mizinga. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nimeona nikujulishe, mzee." Nikatoka na kandambili miguuni mpaka kwa Bi Tatu, hata sikumsalimia vizuri, nikamwambia anionyeshe mahali pa kuandika. Niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja:

"Mimi ni baba yake Nyamizi. Nyamizi alifariki mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa moyo. Msimsubiri. Endeleeni na kazi, nyumba yake imeruhusu."

Kisha nikalia pale, mbele ya watu waliokuja kutoa nakala za vyeti.

Mama wa Nepali alijibu kabla sijatoka dukani. Bi Tatu akanitafsiria kwamba hajawahi kuiona sura yako, lakini kwa miaka miwili amekuwa akisoma unavyofikiri, na kwamba ulimfundisha bila kumfanya ajione mjinga. Mtu wa Brazili aliandika mstari mmoja tu, kwa Kiswahili, sijui alikitoa wapi: "Pole sana baba." Mwalimu wa Ulyankulu hakuandika kitu. Siku ya tatu alibisha hodi hapa nyumbani, vumbi mpaka kwenye kope, ana kuku mkononi. Akasema, "Nimekuja msibani, mzee. Nimechelewa, sikujua." Akakaa mkekani na mama yako mpaka alasiri, akimsimulia mambo yako ambayo mama hakuwahi kuyasikia. Uligombana naye siku tatu juu ya rangi ya alama, kumbe.

Sasa wao ndio wanaoidhinisha, yeye na yule mama wa Nepali. Wawili, ili mmoja asipokuwepo kazi isisimame. Hilo nililidai mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na watu wa Shija msituni na programu iliyopona. Mtandao ulikatika kabla hatujaacha barabara, na alama zikabaki, kubwa, hata mimi naziona. Tulifuata ya kwanza. Shija akasimama, akainua uso, mzinga ule pale juu, nyuki wanaingia na kutoka. Wakaanza kufyeka. Mpaka wiki iliyopita walikuwa wamemaliza yote, na moto uliokuja juzi ukapita pembeni.

Nina jambo la mwisho, na unaruhusiwa kucheka. Kwenye ramani yako hukuweka ile njia ya zamani ya misafara inayokatiza msitu, aliyopita babu yake baba yangu na pembe ya ndovu begani. Inafaa sana kufikia mizinga ya mashariki. Basi nimeitembea na simu mkononi, na magoti haya haya, sehemu kwa sehemu, nikaipeleka mlangoni kama watu wengine. Mwalimu akanirudishia, eti nimekosea sehemu moja. Nikarudi nikatembea upya. Safari ya pili wakaipokea.

Pale kwenye ukurasa pana orodha ya wote walioiandika programu hii. Jana Bi Tatu alinichapia, ninayo hapa mezani. Imebaki robo ya njia sijaitembea, na nakuahidi nitaimaliza kabla ya mvua. Lala salama, mama. Mungu akuweke pema. Jina lako ndilo la kwanza kwenye karatasi hii, na hakuna awezaye kulitoa. La mwisho ni langu.

Baba yako