Jino la Mbele la Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Hujambo, na wote unaoishi nao hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unajitibu mwenyewe kwa ubishi? Sisi huku tu wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi tu, na mimi ni yule yule, mdomo haupumziki.

Uliniuliza habari za jino la Mama nikawa nakuzungusha. Leo nakwambia lote, maana nimechoka kukuficha.

Ni lile la mbele, la kando ya mwanya. Lilioza ndani kimya kimya, akawa anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Alitaka ling'olewe yaishe. Mimi ndiye niliyeshikilia bango aje kwenye kliniki yetu, nikamwambia jino linaokoleka. Nilijigamba, si unanijua.

Kutibu mzizi wa jino ni kazi ya usafi. Daktari akishatoa uozo, husukuma dawa ndani ya mzizi kwa bomba lenye sindano butu. Kwanza ile ya klorini inayoua vijidudu, kisha maji ya chumvi ya kuisuuza, ndipo dawa ya pili ya kuzuia vijidudu visirudi. Dawa hizo mbili zikikutana kabla ya kusuuza, hugeuka kahawia na kulitia jino doa. Daktari wetu hatazami trei. Hunyoosha mkono tu, nami humwekea bomba linalofuata. Miaka kumi na moja sijawahi kukosea.

Basi siku ile Mama alinishika pindo la koti langu la kazi. Nikamwinamia kumtuliza, na nilipoinuka nikaruka maji, nikampa daktari dawa ya pili. Nilipoona rangi ya kahawia ikichuruzika kwenye jino la mama yangu, nikamwambia daktari aache, nimekosea.

Daktari hakufoka. Alisuuza, akaliziba kwa muda, kisha akaniambia mlangoni kuwa jino litapona ila doa huenda likabaki, na wiki ijayo nimwachie mwenzangu zamu yangu. Nilisema sawa. Nilistahili.

Nilimwambia Mama ukweli kabla hajavua viatu. Aliomba kioo, akalitazama jino, akaenda kujilaza. Wiki nzima hakulitaja. Ndugu yangu, heri angenigombeza. Nilijua hataniamini tena, hata kumpimia dawa ya magoti, na hilo liliniuma kuliko kama ningefukuzwa kazi.

Alhamisi tulirudi. Nilikuwa chumba cha nyuma nasugua vyombo, mara mwenzangu akaja mbio: Mama amefumba mdomo, hafungui. Nikaingia. Daktari kashika kioo chake kidogo hewani, Mama kakunja mikono kama mtoto aliyesusa.

"Namtaka huyu," akasema. "Aliyekosea juzi ndiye atakayekuwa makini leo. Huyo mwingine simjui."

Daktari akanitazama, akacheka, kisha akanyoosha mkono bila kuangalia trei. Nilitaja kila bomba kwa sauti: klorini, maji, dawa. Machozi yalinilowesha barakoa, lakini sikuruka hata moja.

Mzizi umezibwa na maumivu yameisha. Doa lipo, dogo, karibu na ufizi. Daktari anasema linaweza kung'arishwa. Mama anasema hana haraka.

Msalimie sana wifi yangu, na Bi Kidogo umwambie shangazi yake atamkagua meno siku mkija. Baba mdogo fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama suruali alizokushonea bado zinakutosha. Mama anakuombea kila alfajiri. Mungu akuepushe na mabaya, akurudishe kwetu ukiwa na afya tele.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,

Dada yako,
msaidizi wa daktari wa meno, kwa amri ya mgonjwa.