Kasuku na Pampu ya Mtumba

Kwako Kaka Mkubwa,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na wanao wote. Mgongo unaendeleaje? Wifi ameniambia kwamba siku hizi unalala kwenye godoro la sakafuni na kwamba ukali umezidi, nikampa pole yeye kwanza, halafu wewe. Sisi huku tu wazima. Shangazi anakohoa asubuhi, lakini ulimi wake hauna kasoro. Cherehani yangu inakwenda, na wateja wa magauni ya harusi ni wale wale wa kukumbuka mambo mlango ukiwa unafungwa.

Ujumbe wako umenifika. Uliletwa na fundi makanika, aliyesimama mlangoni kofia mkononi kama mtu aliyetumwa kutangaza msiba, akasema umeagiza nisiguse hata boliti moja ya gari la Baba, nilifunike turubai mpaka utakapokuja mwenyewe kuamua. Nimeona si adabu kukujibu kupitia kwa mtu. Ndiyo maana naandika, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujashika simu.

Kwanza nikueleze yaliyotokea, maana najua umesimuliwa nusu. Tangu Baba atutoke, nimekuwa nikilipeleka gari lake, Kasuku wetu, kwenye harusi za watu. Rangi ile ya kijani na viti vyekundu, nani asiyempenda? Tatizo ni kwamba msafara wa harusi hauendi mbio. Pampu yake ya maji inazungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo injini ikienda taratibu, pampu nayo inasinzia, maji hayazunguki, joto linapanda. Kwenye barabara kuu Kasuku hana neno. Mtembeze mwendo wa miguu, anachemka.

Siku ya harusi ya binti wa mwalimu jirani, tukiwa tumebakiza kona moja kufika ukumbini, mvuke ulitoka puani kwake kama wa sufuria. Nikasimama. Bibi harusi naye akashuka kuja kuona kulikoni, na mimi, kwa papara, nikafungua kifuniko cha rejeta. Maji ya kutu yakaruka juu. Mungu alisitiri, hayakumuunguza mtu, lakini gauni lilipata madoa kuanzia kiunoni mpaka chini. Kaka, gauni lenyewe nililishona mimi! Yule binti alimalizia safari kwenye lori lililobeba viti vya plastiki, kakaa juu ya rundo, anacheka. Mama yake hakucheka, na mpaka leo tukikutana dukani anaangalia mikate.

Fundi alifungua akakuta beringi ya pampu imekwisha kabisa. Pampu mpya za aina ile hazitengenezwi tena, na kuukuu zote alizozitafuta zilikuwa zimeoza kuliko yetu. Akasema ataiunga tena, kama alivyoiunga huko nyuma mara sijui ngapi. Ndipo nilipomuuliza kwa nini tusifunge pampu ya umeme, yenye mota yake yenyewe, inayozungusha maji hata injini ikiwa inapumua tu. Alinitazama kama nimependekeza Baba azikwe na meno ya mbuzi. Akasema gari la kizamani hulishwa vya kizamani. Jioni hiyo hiyo akakupigia wewe.

Mimi nikaenda kwa Bwana Nati. Humjui. Anauza spea za magari yaliyopata ajali, kwenye kontena nyuma ya kituo cha mafuta, na kila kitu mle ndani kimening'inizwa kwa waya mpaka unatembea umeinamisha kichwa. Pampu alikuwa nayo, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, mbele likabaki zima. Nilijua sasa ataanza kuisifia. Badala yake akanieleza ubaya wake. Pampu ya zamani, alisema, kabla ya kufa hudondosha maji, hupiga kelele, hukupa muda wa kujiandaa. "Hii ikifa haipigi hodi," ndivyo alivyoniambia. Tena akasema dainamo ya Kasuku haitoi umeme wa kutosha gari likiwa linatambaa, hivyo betri ingekauka katikati ya msafara. Lazima niweke alteneta, inayotoa umeme wa kutosha hata injini ikizunguka polepole. Na kwamba nikitaka kurudi nyumbani kufikiri, hatakasirika.

Kaka, wewe na fundi mlinipa hapana bila sababu. Yeye alinipa sababu zote za hapana, halafu akaniacha niamue mwenyewe.

Hakukubali hata kuniuzia kabla hajaijaribu mbele yangu. Aliitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaunga betri, akaiacha inanguruma. Nilikuwa na pindo la gauni la kumalizia, basi nikaketi kwenye tairi na sindano yangu tangu asubuhi mpaka anafunga kontena. Mara kwa mara aliishika kusikia kama imepata moto. Haikupata. Tuliongea mengi siku ile.

Siku ya kufunga pampu na alteneta, fundi wetu alikataa kata kata, kisha akaja "kuangalia tu". Hakumaliza kuangalia. Alishindwa kuvumilia jinsi Bwana Nati alivyoshika spana, akamnyang'anya, na kazi ikawa yake. Sikutoboa bodi popote. Pampu ya Baba imepakwa mafuta, imefungwa kwenye kitambaa, iko kabatini, na anayetaka kuirudisha ataweza. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu na king'ora kidogo: pampu ikisimama, vinanipigia hodi kwa niaba yake.

Kisha nikamtoa Kasuku saa ile watu wote wanatoka kazini, nikajipanga nyuma ya gari la taka kwenye barabara ya sokoni, Shangazi kiti cha nyuma, fundi pembeni yangu kanuna. Tulitambaa mpaka nikachoka mguu. Mshale wa joto ulikaa katikati kama umepigwa msumari. Tuliposimama, fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda, akasema, "Haya." Basi. Shangazi aliuliza kama sasa tunaweza kwenda kunywa soda.

Unasema gari libaki kama Baba alivyoliacha. Baba yupi? Yule niliyemjua mimi alibadilisha viti, akabadilisha redio, akabadilisha hata injini, na hakumwandikia mtu kuomba ruhusa. Na ufunguo alinipa mimi, wewe ukiwa umesimama pale pale kitandani kwake, akasema, "Liendeshe." Hakusema lifunike.

Sasa liko jambo ambalo fundi hakukupigia simu, maana nilimkataza. Kasuku ana harusi mwisho wa mwezi huu. Harusi yenyewe ni yangu. Naolewa na Bwana Nati.

Najua utakayosema. Kwamba nimeshavuka hamsini. Kwamba yeye ni mjane muuza vyuma chakavu. Kwamba nyumba atabaki nayo nani. Mama alipougua mlikaa kikao, mkaamua kwamba mimi ndiye nibaki, na nilibaki, na sijutii hata siku moja niliyomlisha kwa mkono wangu. Lakini Mama alipopumzika, hakuna aliyekaa kikao kuniambia sasa basi, nenda kaishi. Nilisubiri. Nimesubiri sana, Kaka. Kwa hiyo neno hilo, "sasa basi", nimejisemea mwenyewe. Siombi ruhusa, natoa taarifa. Shangazi tunahama naye, ameshachagua chumba chenye dirisha la barabarani ili asipitwe na kitu. Nyumba ipo, haina deni wala nyufa. Ukiiona ni ya kulindwa, njoo uilinde.

Nitaendesha mwenyewe, na gauni langu likiwa limekunjwa mpaka magotini. Bwana harusi anajua kila kiungo cha gari ila kuendesha hajui. Aliwahi kugonga kontena lake mwenyewe. Atakaa mbele, kushoto kwangu au kulia, popote nitakapomwambia. Nyuma atakaa Shangazi, na ubavuni mwake pana nafasi moja. Ni yako ukija kwa heri, na moyo wangu utafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Usipokuja, tutaweka keki hapo.

Nibusie watoto mmoja mmoja. Mwambie wifi aniletee vipimo vyake mapema, nataka kumshonea. Shangazi anakusalimu, anasema ujumbe wake atakupa ana kwa ana.

Ni mimi, mdogo wako,
Bibi harusi.